Likizo ya Binti, Luninga na Daftari la Kikoba

Kila mwaka ufikapo Desemba, shule zinapofungwa na watoto wanaporejea nyumbani na masanduku yao ya bati, wazazi wa mijini huingiwa na mashaka yale yale. Kule kijijini mtoto wa likizo hana haja ya kuulizwa atafanya nini: shamba lipo, mbuzi wapo, na mvua ikinyesha jembe linamngoja mlangoni. Lakini mtoto wa mfanyakazi wa mjini, anayeishi katika vyumba viwili au vitatu vya kupanga, ataishije kwa wiki nne au tano? Baba ameondoka alfajiri kuwahi daladala; mama yuko sokoni, ofisini au kiwandani. Nyumbani amebaki mtoto na vioo viwili: kioo cha luninga na kioo cha kompyuta au simu.

Ndugu msomaji, katika mazungumzo ya wazazi nimesikia dawa mbili za ugonjwa huo. Wako wanaosema vioo vyote vifungwe, na waya wa luninga ufichwe kabatini. Wako pia wanaosema mtoto aachwe atazame mpaka achoke, maadamu hazururi mitaani. Dawa hizi zinaonekana kupingana, lakini zina upungufu mmoja: zote hazimwulizi mtoto mwenyewe amekusudia nini. Nimeona niwasimulie wazazi wenzangu yaliyopita nyumbani kwangu Ukonga, Desemba ya mwaka 2022, kwani katika likizo ile vioo hivyo viwili viliingia katika jambo zito kuliko michezo.

VILIFUNGIWA MLANGO PAMOJA

Kwanza tukumbushane historia, maana vijana wengi hawaijui. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mitambo ya siku zile ilijaza chumba, ilitaka ubaridi wa wakati wote, na ujuzi wa kuiendesha na kuitengeneza ulikuwa mikononi mwa wageni. Gharama zikawa kubwa na faida ikawa ndogo. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na katika marufuku hiyo seti za televisheni nazo zikawamo. Kwa hiyo vioo hivi viwili, ambavyo leo vinagombea macho ya watoto wetu, viliwahi kufungiwa mlango kwa siku moja.

Visiwani mambo yalikuwa mengine. Televisheni ya Zanzibar ilianza katika miaka hiyo hiyo ya sabini, tena ya rangi, ikiwa miongoni mwa za kwanza za namna hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Huku Bara tulingoja miaka ishirini. Katika miaka ya themanini masharti ya kompyuta yalilegezwa hatua kwa hatua. Vituo vya televisheni vya watu binafsi vilianza mwaka 1994, na Televisheni ya Taifa ikafuata mwaka 2000. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa jijini Dar es Salaam, na tangu hapo aliyetaka kuona picha alilazimika kuwa na king'amuzi.

Wako wanaoicheka marufuku ile ya 1974. Mimi siicheki. Fedha za kigeni zilikuwa haba, na redio iliweza kumfikia mkulima asiye na umeme, kitu ambacho televisheni haikuweza. Swali lililoulizwa wakati ule lilikuwa swali la haki: chombo hiki kitamtumikia nani, na ni nani kati yetu anayejua kukitawala? Lililobadilika ni jibu. Swali lenyewe lingali mlangoni pa kila nyumba.

KARATASI YENYE SAFU MBILI

Binti wa kaka yangu, ambaye wakati huo alikuwa amemaliza kidato cha tatu, alikuja kwetu kutoka Morogoro kwa likizo. Siku ya pili baada ya kufika alinikabidhi karatasi iliyokunjwa.

"Baba mdogo," akasema, "usinijibu sasa. Isome kwanza."

Karatasi ilikuwa na safu mbili. Safu ya kushoto iliorodhesha mechi za Kombe la Dunia zilizokuwa zikichezwa Qatar, kuanzia hatua ya timu kumi na sita. Kwa kuwa saa za Qatar ndizo saa zetu, kila mechi ilikuwa na wakati wake kamili: saa kumi na mbili jioni au saa nne usiku. Safu ya kulia iliandikwa, "Programu mpya ya majedwali: saa mbili kila asubuhi." Mwalimu wake alikuwa amemtilia programu hiyo katika flashi, akamwambia aijaribu wakati wa likizo, kwa sababu shuleni wanafunzi wengi hugawana kompyuta chache na zamu ya mtu huisha kabla vidole havijapata joto. Nyumbani kwangu aliona iko kompyuta ya mpakato, ya mtumba lakini nzima.

Mke wangu aliisoma karatasi ile kwa makini kuliko mimi. "Mbona sioni vyombo?" akauliza. "Vitaoshwa saa ngapi?"

Binti akaigeuza karatasi. Nyuma yake alikuwa ameandika kufagia, kuosha vyombo na kupika ugali wa mchana. Kisha akauliza kwa adabu, macho yake yakiwa chini: "Mama mdogo, na mdogo wangu naye yuko likizo?" Mdogo wake ni mwanangu wa kiume, wakati huo mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemdai karatasi wala chombo. Palikuwa na ukimya mfupi. Jioni ile orodha ya kazi iligawanywa upya, na kijana akaijua sufuria.

Nawaomba wazazi walitazame jambo hili. Tunapolalamika kwamba wasichana hawaipendi kompyuta, tuhesabu kwanza saa wanazobakiwa nazo baada ya jiko. Aliyekaa mbele ya mashine asubuhi nzima na aliyeikaribia saa nne usiku akiwa na usingizi hawawezi kuwa sawa, hata wakiwa na akili moja.

SHERIA ZA SEBULENI

Luninga yetu ni moja na walaji wake ni wengi. Saa mbili usiku ni taarifa ya habari. Hiyo ni kazi yangu na ni haki yangu. Saa tatu ni tamthilia, na hapo hata mimi sifungui mdomo. Kwa bahati mechi za hatua zile ziliangukia kabla ya habari na baada ya tamthilia, hivyo ratiba ya binti ilipita bila kura kupigwa.

Hata hivyo mpira haujui mikataba. Jumanne ya tarehe 6 Desemba, Morocco ilicheza na Hispania, dakika tisini zikaisha bila bao, zikaongezwa thelathini, ikafika penalti. Saa mbili ilikuwa imekwisha kupita. Mimi ni mwandishi wa habari, lakini nani angethubutu kubadilisha kituo wakati timu ya Afrika inapiga penalti? Morocco ilishinda, mtaa mzima ulipiga kelele, na habari za siku ile nilizisoma kesho yake katika gazeti langu mwenyewe.

Kuhusu programu, nilifikiri itakuwa mchezo wa siku tatu. Jina lake ni LibreOffice. Hutolewa bure, na ilichipuka mwaka 2010 kutoka katika programu iliyoitwa OpenOffice.org. Kwetu ukoo huo si mgeni: mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, waliitoa OpenOffice kwa Kiswahili wakaiita Jambo OpenOffice. Sehemu ya majedwali hufanana na daftari la hesabu lenye mistari ya kulala na ya kusimama. Kila chumba kidogo kina anwani yake, kama nyumba zenye namba mtaani. Ukitaka jumla, huandiki jibu; unaandika agizo kwamba chumba hiki kijumlishe vile vilivyo juu yake. Ukisahihisha tarakimu moja huko juu, jumla hujisahihisha yenyewe.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa umeme wetu wa Luku. Alisoma wati zilizoandikwa nyuma ya kila chombo na kuzizidisha kwa saa. Luninga ya wati 60 ikiwaka saa tano kwa siku hula uniti 9 kwa siku thelathini. Pasi ya wati 1,000 ikitumiwa nusu saa kila siku hula uniti 15. Basi mashati yangu yalikuwa yakila umeme kuliko Kombe la Dunia! Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Lakini siku ya pili hakuwa akicheka. Alikuja na daftari kubwa lenye jalada jekundu, akaliweka mezani mbele ya binti.

SHILINGI LAKI MBILI NA SABINI ELFU

Wasomaji wengi wanavijua vikoba. Cha mtaa wetu kilikuwa na akina mama ishirini na watano. Walikutana kila Jumamosi, kila mmoja akinunua hisa za shilingi 5,000, si chini ya moja wala zaidi ya tano. Fedha zilikaa katika sanduku lenye kufuli tatu, na funguo zilishikwa na akina mama watatu tofauti. Mwanachama alikopa, akarejesha na nyongeza, na Desemba kikoba kilivunjwa ili kila mtu apate chake kabla ya sikukuu. Kwa familia nyingi za mtaani fedha hiyo ndiyo ada ya Januari, sare, viatu na kodi ya nyumba.

Mwaka ule walikuwa wamekutana Jumamosi arobaini na nane. Nyongeza za mikopo zilikuwa sawa, mfuko wa jamii ulikuwa sawa. Hisa ndizo zilizogoma. Daftari lilisema shilingi 13,750,000. Fedha zilizokuwapo zilikuwa 13,480,000. Zilipungua shilingi 270,000.

Walijumlisha mara tatu kwa kikokotoo, na mara zote jumla ya daftari ilitoka ile ile. Kila jumla ilipotoka sawa, macho yalimgeukia mhazini. Alikuwa mjane anayechoma maandazi alfajiri na kuandika daftari jioni. Hakuna aliyemtaja kwa jina, lakini majirani wawili waliacha kununua maandazi yake, na katika mtaa wa watu wanaofahamiana hiyo ni hukumu tayari. Mkutano wa kuvunja kikoba ulikuwa umepangwa Jumamosi ya tarehe 17. Mke wangu alikuwa mmoja wa washika funguo, kwa hiyo aibu ile ilikuwa imeingia nyumbani kwetu pia.

Binti hakulijumlisha tena daftari jekundu. "Mama mdogo," alisema, "tukiujumlisha ukurasa ule ule tutapata jibu lile lile. Nipatie madaftari ya wanachama." Kila mwanachama alikuwa na kidaftari chake, ambacho hisa zake za kila wiki ziligongwa muhuri mbele ya wote. Wanachama ishirini na watano mara wiki arobaini na nane: tarakimu 1,200 za kuingizwa moja moja. Mke wangu na katibu walipita nyumba kwa nyumba kuomba vidaftari. Wengine walitoa kwa furaha, wengine kwa shingo upande, na mmoja alikataa kabisa.

Jumamosi ya tarehe 10 alikuwa angali mezani akiingiza, kijana wangu akimsomea tarakimu, huku sebuleni Morocco ikicheza na Ureno. Jirani yetu, mzee aliyestaafu ukarani wa hesabu, alikuja kutazama mechi kwetu. Bao la Morocco lilipoingia watoto walikimbia kuliona, wakashangilia, wakarudi kwenye vidaftari vyao. Mzee alishangaa kuona watoto wakiuacha mpira kwa hiari yao, akawafuata.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnatafuta nini humo?"

Akaelezwa. Hakuitazama kompyuta. Akauliza tofauti ni kiasi gani, kisha akasema, "Igawe kwa tisa."

Ikatoka 30,000 kamili, bila baki.

"Basi," akasema mzee, "kabla ya kumtafuta mwizi, tafuteni tarakimu mbili zilizopishana. Mtu akiandika 41 mahali pa 14, atakosea kwa 27. Akiandika 82 mahali pa 28, atakosea kwa 54. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti siku zote hugawika kwa tisa. Huo si ushahidi, ni dalili. Ushahidi utauleta mwenyewe na mashine yako."

Tulifundishwa haya kwa fimbo ya rula, akaongeza, mashine hizi zilipokuwa marufuku.

Kidaftari cha ishirini na tano, kile kilichokataliwa, kilipatikana Jumapili jioni, baada ya mke wangu kwenda kukaa na mwenyewe kwa saa nzima bila kutaja fedha. Binti alikuwa ameandaa safu tatu za mwisho: jumla ya kila wiki kutoka kwenye vidaftari, jumla ya wiki hiyo iliyoandikwa katika muhtasari wa daftari jekundu, na tofauti yake. Alipoingiza tarakimu ya mwisho, safu ya tofauti ikajaa sifuri kuanzia juu hadi chini, isipokuwa mstari mmoja, wiki ya katikati ya Januari. Hapo palisomeka 270,000.

Tulifungua daftari jekundu ukurasa wa siku ile. Ilikuwa majira ya ada na sare. Akina mama ishirini na wawili walinunua hisa moja moja, na watatu walinunua mbili mbili. Hisa 28, shilingi 140,000. Ukurasa wa siku uliandikwa sawasawa. Lakini jumla ilipohamishiwa katika muhtasari, iliandikwa 410,000. Hakuna shilingi iliyopotea. Zilikuwa fedha ambazo hazijawahi kuwako.

YALIYOSEMWA MKUTANONI

Jumamosi ya tarehe 17 binti aliibeba kompyuta hadi kwenye mkutano, lakini katibu alikuwa na busara: aliyaandika matokeo pia kwenye karatasi kubwa na kuibandika ukutani, ili asiyeijua mashine ayaone kwa macho yake. Kila mwanachama aliulizwa kama mstari wake unafanana na kidaftari chake. Wote walikubali, na fedha zikagawanywa siku ile ile.

Mwenyekiti alimwomba radhi mhazini mbele ya wote. Yule mama alizipokea, lakini hakutabasamu. Alisema maneno machache ambayo mke wangu alinisimulia usiku: kwamba amesamehe, ila wiki mbili zile hatazisahau, na kwamba mwaka ujao daftari liandikwe na watu wawili, mmoja akiandika na mwingine akisoma kwa sauti. Hakuomba mashine, aliomba mwenzake wa kumsaidia. Kikao kilipitisha yote mawili, daftari la watu wawili na jedwali la kompyuta, na mwanachama mmoja kijana akachaguliwa kujifunza programu kwa binti kabla hajarudi shuleni.

Kesho yake, Jumapili, Argentina na Ufaransa zilicheza fainali, na hakuna mtu nyumbani kwetu aliyemwuliza binti kama amestahili kuitazama.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa maandishi yake juu ya Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isimtenge kijana na kazi za jamii yake. Nadhani likizo ni mahali pazuri pa kulitimiza hilo, tena bila gharama. Wazazi wenzangu, nina mashauri matatu tu. Mwambieni mtoto aandike mpango wake wa likizo, wa luninga na wa kazi, kisha mjadiliane naye kama watu wenye akili. Gawanyeni kazi za nyumbani kwa wavulana na wasichana, ili wote wapate saa zao za kujifunza. Na anapojaribu programu mpya, mpeni hesabu ya kweli: Luku, duka, kikoba, mshahara unavyoingia na unavyotoka. Mtoto aliyejifunza kwa tarakimu za uongo husahau shule zikifunguliwa. Aliyejifunza kwa tarakimu ambazo heshima ya mtu imezitegemea hasahau upesi.

Tena msiwaache wazee nje ya mlango. Programu ile ilituonyesha mstari wenye kosa, lakini karani mstaafu ndiye aliyetufundisha kutomwita mtu mwizi kabla ya kugawa kwa tisa.